Kodi ya miezi sita na afya ya mama wa dagaa

Mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, unaishi kwa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na mama muanikaji anakosa cha kuanika. Pesa yake huja kidogo kidogo, na kuna wiki haiji kabisa. Kodi ya chumba inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, kwingine ya mwaka mzima.

Tukiuliza kwa nini wanawake wetu wanaumwa, tuanzie hapo.

Akishalipa, kinachobaki hakimfikishi kliniki. Akishindwa, anahamia chumba cha bei ya chini, kisicho na dari, mbu wakipita kati ya ukuta na bati. Na malaria ya mkoa huu si ya kupuuza: utafiti wa 2017 ulikuta vimelea kwa asilimia 24 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mjamzito analala humo humo. Masika jiko la mkaa nalo linaingizwa ndani.

Choo ni kimoja kwa wapangaji wote, kipo uani, hakina taa. Dada mmoja aliniambia kuwa jua likizama hanywi tena maji, asije akalazimika kutoka usiku. Kila mara anatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo. Anameza dawa, anapata nafuu, anarudi kwenye choo kile kile. Inaniuma sana, kwa sababu taa moja na komeo la mlango vingemwondolea hofu hiyo.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, niliunga mkono, na bado naunga mkono. Lakini kodi haikupumzishwa. Tena mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni fungu la wanawake, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023. Ziwa likifungwa tena, mikopo hiyo iwafikie waanikaji kabla ya siku ya kufunga.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Wabunge wetu watuletee nyingine, kodi ilipwe kwa mwezi. Najua wenye nyumba wengine ni wajane wanaokula kwa kodi hiyo, nao wana haki ya kulipwa kwa wakati. Basi mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, utaje tarehe ya kulipa, na utaje pia dari, taa ya choo na komeo.