Mzee Aliyenidukua kwa Kitochi

Haya, nimeamka leo nakuta ile sauti yangu aliyoirekodi rafiki yangu kwenye simu imeshafika kwenye grupu la ukoo. La ukoo, jamani! Shangazi yangu wa Tanga, ambaye hata picha huwa anaomba afunguliwe, ameisambaza tena na chini kaandika, "Huyu si wetu?" Sasa kwa kuwa yule rafiki yangu (anajijua, na najua anasoma) ameamua kuitia chumvi habari nzima, acha niilete yenyewe. Yeye anasema nililia. Sikulia. Nilikuwa na mafua.

Mnaonifuata siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu: Mr. Robot. Kwa wageni, ni tamthilia ya Kimarekani ya Sam Esmail, ilianza 2015 ikaisha Desemba 2019, misimu minne. Elliot, kijana wa sweta jeusi lenye kofia, mchana analinda kompyuta za wateja, usiku anawadukua watu waovu, halafu anaingia kwenye genge liitwalo fsociety linalotaka kufuta madeni ya dunia nzima. Anayeishi kwa mikopo ya simu ataelewa kwa nini nilikipenda kile kipindi tangu dakika ya kwanza.

Ila utamu haukuishia kwenye runinga. Anwani ya IP (zile tarakimu za kufikia tovuti) ikionekana kwenye kompyuta ya Elliot, ukaiandika na wewe kwenye yako, ilifunguka kweli! Unakuta ukurasa wa fsociety, au wa E Corp, lile shirika wanalolipiga vita, umekaa kama shirika lenyewe lipo. Daftari lake likionyeshwa lina msimbo wa QR, unasimamisha picha, unaupiga na simu, unapelekwa mahali pengine. Namba ya simu ikipita kwenye skrini, watu wanapiga na kusikiliza kinachosemwa huko. Yaani usiku wa kipindi watu hawakulala, wanabishana nukta hii ina maana gani. Na mimi wakati ule bando langu lilikuwa la kuhesabu, nikawa nasoma tu walichofumbua wenzangu wenye uwezo.

Ndiyo maana mwaka huu tulipoamua kwenye grupu letu kuirudia yote tangu mwanzo, nikasema safari hii sipitwi. Na rafiki yangu (huyo huyo) akajitolea kututungia mafumbo yetu wenyewe kila Jumamosi, kwa mtindo ule ule.

Fumbo la juzi Jumamosi lilikuwa hivi. Kaweka namba ya simu, tarakimu nne za mwisho kazivuruga. Chini kaandika: "Kwenye hizo nne toa siku benki zilipoanguka. Piga. Atakayepokea atajifanya hajui kitu chochote. Msimwamini. Mbaneni mpaka atoe neno la siri."

Rahisi. Kwenye tamthilia ule udukuzi mkubwa wanauita Five/Nine, na ulifanyika tarehe 9 Mei. Mtu wa kawaida angeandika 0905, siku kwanza, mwezi baadaye, kama tulivyofundishwa shule. Lakini mimi si mtu wa kawaida, mimi ni mjuaji. Mimi ndiye niliyewahi kuwapa watu mhadhara kwamba "Wamarekani huanza na mwezi, ndiyo maana ni tano-tisa, nyie mnatazama bila kuelewa." Kwa hiyo nikatoa 0509. Kumbe mwenzangu alitunga fumbo akiwa Kinondoni, na kalenda ya Kinondoni.

Namba niliyoipata ikaita. Saa tano usiku ishapita.

Ikapokelewa. Kimya. Halafu kikohozi cha mtu mzima, kile kirefu, cha mtu anayekaa kitandani kwanza ndipo akohoe.

"Haloo."

Nikashusha sauti mpaka kifuani. Nilikuwa nimevaa sweta la kofia. Ndani, Dar es Salaam, joto lile. Msiniulize.

"Hujambo, rafiki," nikasema, kama Elliot anavyoanza.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana ndipo ninapoamkia kila usiku tangu siku ile. Sauti ya mzee wa miaka sabini na zaidi, na mimi mtoto wa watu niliyelelewa, sikusema shikamoo. Nilisema hujambo. Nikaongeza rafiki.

"Nani mwenzangu?"

"Tunajua unachokificha."

Kimya. Nikasikia kitanda kinalia. Nikawaza: huyu mwigizaji wametoa wapi? Rami Malek alipewa tuzo ya Emmy 2016 kwa kumwigiza Elliot, na huyu baba anatakiwa apelekewe ya kwake nyumbani.

"Mnajua nini?" akauliza, taratibu.

"Kila kitu. Tumeshaingia kwenye mfumo."

"Mfumo upi?"

"Wako."

"Nyie ni watu wa maji?"

"Hapana."

"Maana hayajatoka tangu Jumanne."

Ndugu zangu, nilicheka kimoyomoyo kwa raha. Nikajisemea, tazama anavyojifanya hajui, hadi maji kaleta! Nikambana kama nilivyoelekezwa. "Acha kuzungusha, mzee. Toa neno. Usipotoa, usiku huu kila ulichonacho kinafutika."

Sasa hapa mniruhusu nijitetee kidogo. Kuchanganya mchezo na uvamizi wa kweli hakukuanza na mimi. Desemba 2017 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliwawekea watu kiongezo humo, kimyakimya, kinaitwa Looking Glass. Ulikuwa ni mchezo wa hii hii Mr. Robot, lakini watu walikikuta tu kimekaa kwenye kivinjari, maelezo yake ya kutisha, wakajua wamevamiwa. Kelele zikawa kelele, kikaondolewa, wakaomba radhi. Kampuni yenye wanasheria iliteleza. Sembuse mimi na sweta.

Turudi kwa mzee. Sauti yake ikabadilika. Ikawa laini, ya babu anayekuita ukae karibu.

"Sawa, mwanangu. Nimekuelewa. Nitakupa hilo neno. Ila na mimi nijue naongea na nani. Unaitwa nani?"

Nikampa jina la utani la kwenye grupu. Akasema zuri, na la nyumbani je? Nikadhani ni hatua ya fumbo, kujisajili kwanza. Nikampa.

"Unapiga kutoka wapi?"

Nikataja mtaa. Akaguna, kwamba anaupata, ni kule kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nikasema ndiyo, nyumba ya tatu, geti la bluu. Geti la bluu! Hakuniuliza geti, nilimtajia mwenyewe.

"Simba au Yanga?"

"Yanga."

"Safi. Mbwa mnafuga hapo?"

"Hapana mzee, tuna paka tu."

Mliotazama kipindi cha kwanza mmeshashika kichwa. Elliot anampigia jamaa, anajifanya mtu wa benki wa kitengo cha wizi, anamuuliza anakaa wapi, anashabikia timu gani, mnyama wake anaitwa nani. Jamaa anajibu yote. Nimekitazama kipindi kile nikiwa nakula, nikiwa naumwa, nikiwa nimegombana na watu, na kila nikifika pale namcheka yule jamaa kwa sauti. Namwita boya.

"Subiri, usikate," mzee akasema.

Nikasikia vitufe. Vile vya kitochi, vya kubonyeza, tii, tii, tii, polepole, kama mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Nikawaza anaandika neno la siri. Vikaendelea. Akaomba miwani kwa mtu. Nikasikia sauti ya mama ikiuliza, "Nani huyo usiku huu?" akajibiwa, "Tapeli. Lala."

Tapeli.

Hata hilo neno lilinipita! Niliona limeigizwa vizuri.

Kisha akaanza kusoma. Akasoma jina langu la kwanza. Akapumzika. Akasoma la baba yangu. Akapumzika tena, na nikamsikia akisogeza simu mbali na macho kama wafanyavyo wenye miwani ya zamani. Akasoma la babu yangu, Mungu amrehemu, mtu aliyefariki akiwa hajawahi kugusa kompyuta, akitajwa na mtu nisiyemjua saa sita kasoro za usiku.

Mikono ikaanza kutoa jasho. Swali la kwanza kichwani halikuwa "nimekosea namba." Lilikuwa: huyu kanipataje? Ana programu gani? Yuko kwenye Linux?

"Nimetaka kukutumia shilingi elfu moja," mzee akasema. "Simu imeniuliza kama nina hakika nataka kumtumia huyu. Nikaona majina yako matatu, mwanangu. Sijabonyeza moja."

Laini imesajiliwa kwa alama zangu za vidole. Tabasamu langu la siku ile ya usajili nilikumbuka lote.

"Sasa sikiliza. Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya 2015. Unaijua?"

Mwaka ule ule tamthilia ilipoanza. Mimi nilitazama tamthilia.

"Namba yako naituma 15040 sasa hivi, wanapopelekewa matapeli. Na mjumbe wa huo mtaa wako nitampata kabla ya jua kuchomoza. Geti la bluu, eti?"

Ndipo ikanitoka, nyembamba, sauti yangu ya kweli niliyozaliwa nayo: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu. Akakata.

Nikampigia rafiki yangu. Akapokea akiwa na hasira: "Mbona hupigi? Shemeji yangu yuko macho tangu saa tatu, kashika karatasi ya maneno yake, anasinzia!" Nilipoanza kueleza ndipo akabonyeza kurekodi, shetani yule, na hiyo ndiyo sauti mnayoisikia, ile ya mafua.

Yaliyofuata ni haraka haraka. Jumapili alfajiri geti la bluu likagongwa, mjumbe huyo, ana jina langu kaliandika mkononi kwa kalamu. Mama yangu katoka na khanga. Maelezo yangu kuhusu fsociety hayakusaidia. Mjumbe alisikia "society" akauliza ni dini gani. Kesi ikaisha kwamba niende nikamwangukie mzee. Nikaenda, Tabata, na sukari kilo mbili na majani ya chai. Msimu wa nne una kipindi kinaitwa 402 Payment Required, yaani malipo yanahitajika, nadhani kilinihusu. Mzee kanipokea vizuri, mkewe kanicheka mpaka kakaa chini, nikaonyeshwa kitochi chenyewe, kimefungwa mpira ule wa kufungia noti. Kuhusu 15040 akasema alishindwa kuandika ujumbe, miwani ilikuwa ina ukungu, ila asingesita.

Nikajua yameisha.

Sasa jana Jumanne mchana simu inaita, naona namba, moyo ukaruka.

"Kijana! Yametoka!"

"Nini, mzee?"

"Maji! Ulisema mmeingia kwenye mfumo, mimi nikadhani utani. Yanatoka kwa kasi, mama kajaza mapipa yote. Mungu akubariki."

Nikajaribu kueleza. Nimeeleza, jamani, nimeeleza kwa Kiswahili chepesi kabisa, kwamba mimi ni mtazamaji tu wa tamthilia. Mzee akasema anaelewa, mambo mengine hayasemwi kwenye simu.

Leo asubuhi kapiga tena. Jirani yake ana mita ya luku inamsumbua, wanauliza naweza kuingia saa ngapi.