Mzigo wa Ushujaa Hubebwa na Nani?

Kila inapokaribia Juni 3, hapa Bagamoyo hoja ni ileile, iwe kwa Wakatoliki, Walutheri au Wapentekoste: Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao enzi za Kabaka Mwanga, hawakunyamaza, wewe unanyamaza una nini? Kwenye mikutano ya injili ya uwanjani hoja hiyo hutiwa chumvi zaidi. Mkristo wa Dunda au Magomeni anayechangia ua na Waislamu, anayekula pilau ya Maulidi na siku ya Krismasi akapeleka sinia kwa jirani, anaambiwa amekuwa vuguvugu. Angekuwa na moto wa Stefano angesimama sokoni na kipaza sauti, awaeleze watu makosa ya dini yao. Wakimpiga mawe, taji si hilo?

Hoja hii ina miguu ya kusimamia. Petro na wenzake walipokatazwa kufundisha walijibu kuwa imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi hao, alimkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, uso kwa uso, akauawa Novemba 15, 1885. Kanisa lisilo na mtu wa kusema hivyo halina cha kumwambia mtawala, wala tajiri, wala mtu yeyote mwenye fimbo mkononi. Hayo nayakubali yote.

Ninachokikataa ni kuwageuza mashahidi kuwa watu waliokuwa wakikitafuta kifo. Polikarpo, askofu wa Smirna, mji wa kale ulio Uturuki ya leo, tunamkumbuka kwa lile jibu lake kwamba amemtumikia Kristo miaka 86 naye Kristo hakumtendea ubaya wowote. Kinachorukwa ni kwamba kabla ya kukamatwa alikubali ombi la waumini wake akaondoka mjini, akajificha shambani, na walipomkaribia akahamia shamba jingine. Barua ya Wakristo wa Smirna iliyosimulia kifo chake inamtaja pia Kwinto, mtu wa Frigia aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine wafanye kama yeye. Alipowaona wanyama akaishiwa nguvu, akatoa sadaka kwa miungu. Barua ikaongeza kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe, kwa sababu Injili haifundishi hivyo. Yaani kwenye mojawapo ya masimulizi ya kale kabisa ya mfiadini tuliyo nayo, mwenye kiherehere anaonywa kabla shujaa hajauawa.

Karthago nako, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, walikuwa na mwandishi Mkristo Tertuliani, aliyeandika kwamba damu ya Wakristo ni mbegu, na baadaye akaandika kitabu kizima kupinga kukimbia mateso. Baada yake akaja Sipriani, askofu wa mji huohuo. Dhuluma ya Kaisari Desio ilipoanza mwaka 250, Sipriani alijificha, akaliongoza kanisa kwa barua. Alisemwa sana, na wengine walimwita mwoga waziwazi. Mwaka 258 alikatwa kichwa mbele ya watu wake bila kurudi nyuma hatua moja. Tertuliani, kwa maelezo ya Yeronimo, aliishi hadi uzee. Simcheki, maana kila mtu na siku yake. Ila anayetumia kalamu ya Tertuliani kumsuta anayeondoka njiani, akumbuke ni yupi kati ya hao wawili aliyefika kwenye upanga.

Sasa nije kwa James Hannington, maana mfano wake ndio unaotukaribia. Alikuwa askofu wa Kianglikana, na mwaka 1885 alitaka kufika Buganda. Njia ya kusini, ile inayoanzia pwani yetu na kupita Ugogo, aliijua. Mwaka 1882 aliipita akaugua hadi akalazimika kurudi Uingereza. Safari hii akachagua njia fupi ya Umasaini, ya kuingia Buganda kutoka mashariki. Tatizo ni kwamba kasri la Mwanga lilimwogopa mgeni wa mashariki kuliko mgeni mwingine yeyote. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi huku kwetu, na ilisemwa kwamba atakayeiteka Buganda atatokea upande huo. Wamisionari waliokuwa tayari Buganda, akiwemo fundi Alexander Mackay, waliiona hatari. Maonyo yao hayakumfikia kwa wakati.

Hannington aliuawa Busoga Oktoba 29, 1885. Maneno anayonukuliwa ni kwamba Mwanga aambiwe amenunua njia ya Buganda kwa uhai wake. Maneno mazito, na simtilii shaka moyo wake. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na wapagazi takriban 50, na karibu wote waliuawa pamoja naye. Waliopona unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hao nao uhai wao ulinunua nini? Walikuwa watu wa mshahara wa safari, wenye wake na watoto pwani. Hakuna aliyewaita kikaoni kuchagua njia. Jina la askofu limo kwenye kalenda ya kanisa lake na sikukuu yake ina tarehe. Hesabu ya wapagazi imebaki ya kukadiria.

Sehemu kubwa ya msafara alikuwa ameiacha nyuma na William Jones, mtumwa aliyekombolewa akasoma India, naye Hannington mwenyewe alikuwa amempa daraja takatifu mwaka uleule. Jones alingoja habari, na alipoipata aliwakusanya waliobaki akawarudisha Rabai, karibu na Mombasa. Hebu fikiria kazi hiyo: njaa, hofu, watu wanaotaka kutoroka, na mwisho wa safari wajane wa kuwaeleza. Sijawahi kusikia hubiri juu ya Jones, na huenda ni kwa sababu hakufa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahubiri wetu wa uwanjani. Anayekuja na spika kubwa kutoka Dar es Salaam, akatukana imani ya wenyeji jioni tatu kisha akapanda basi la asubuhi, hajabeba mzigo wowote. Mzigo anabaki nao mama wa Kikristo mwenye genge la nyanya, ambaye wateja wake ni walewale waliotukanwa. Anabaki nao mwalimu, na mtoto anayepita vichochoro akitoka shule. Mihadhara ya kujibizana dini tunayo huku pwani kwa miaka mingi, kutoka pande zote mbili, na sijaona aliyeongoka kwa kuzomewa.

Karoli Lwanga, mmoja wa wale Mashahidi wa Uganda, alikuwa kinyume cha hayo. Alikuwa kiongozi wa vijana watumishi wa kasri, na alibaki kwa sababu vijana hao wasingeweza kuondoka. Alikuwa akiwakinga na matakwa ya Kabaka, na walipokamatwa mwezi Mei 1886 akawabatiza ambao walikuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojifunza kabla ya ubatizo, Kizito akiwemo, mtoto wa miaka kama 14. Yeye hakuwapeleka kwenye moto. Moto uliwafuata naye akawa pamoja nao.

Hapa kwetu tuna ushahidi wa karibu zaidi. Vita ya Bushiri, ile ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ilipowaka mwaka 1888, misheni ya Bagamoyo ilikuwa na umri wa miaka 20. Mapadri walikuwa wamezika wenzao wengi hapa, wengi wao vijana waliokufa kwa homa, na walizungumza na pande zote. Maelfu ya watu walikimbilia misheni, na wapiganaji wa Bushiri hawakuigusa. Pugu, ambako Wabenediktini wa Kijerumani walikuwa wametoka kuhamia tu, ilivamiwa Januari 1889; wamisionari 3 waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Waliouawa hawakuwa na kosa, na msimamo wa Bagamoyo nao si wa kusifiwa kwa macho yaliyofumbwa. Bushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba mwaka huo, alikuwa akipigania nchi yake, na mtu anaweza kuuliza kutoegemea upande wowote kulikuwa na faida kwa nani. Hata hivyo watu wale elfu kadhaa walipata pa kulala kwa sababu kuna mapadri waliojua kuishi na majirani kabla ya vita.

Upande wa pili una jambo moja zito ambalo watu wa busara, nami nikiwemo, hatulipendi. Busara ikizoeleka hugeuka kifuniko. Mzee wa kanisa amekula fedha za ujenzi, tunaambiwa tutumie hekima. Binti wa kwaya amedhulumiwa, hekima tena. Hapo hatumkingi mnyonge, tunamkinga mwenye cheo, na Lwanga angetushangaa. Kipimo changu ni hicho tu: ukimya huu, au kelele hizi, anayeumia ni nani?

Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alimwendea Idi Amin mara nyingi, akiwaombea waliokamatwa bila kupiga kelele. Ilipofika Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wakaandika barua ya wazi ya malalamiko, na tarehe 16 akauawa. Siku zilezile Festo Kivengere, askofu wa Kigezi ambaye zamani aliwahi kufundisha Dodoma, alisihiwa na watu wake aondoke, akavuka milima usiku na mkewe hadi Rwanda. Alirudi Amin alipoanguka mwaka 1979, akaichunga dayosisi yake hadi alipofariki mwaka 1988. Luwum anasimuliwa kila mwaka. Wanaomwona Kivengere kuwa mtoro hawajatueleza nani angewachunga watu wa Kigezi miaka ile tisa.