Mchelea mwana kulia: Iowa na miaka ya kubutua

Naishi Coralville, jimbo la Iowa, Marekani, dakika chache kwa gari kutoka uwanja wa Kinnick, kwa hiyo hata nikitaka kuikwepa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa siwezi. Jumamosi ya mechi barabara zote ni nyeusi na njano. Ukiingia dukani bila kofia ya Hawkeyes, jina la utani la timu, unaonekana kama umeshuka kwenye ndege jana usiku. Mimi ni mtu wa soka tangu utotoni. Futiboli ya Marekani nimejifunzia ukubwani, kwa kuulizauliza wenzangu kazini, na nilipoanza kuielewa vizuri ndipo nikagundua kwamba nimejifunza kwa kuitazama timu mbovu kuliko zote nchini kwa kushambulia.

Siku niliyolijua hilo ni tarehe 3 Septemba 2022. Iowa ilifungua msimu na South Dakota State, chuo kinachocheza daraja la chini yake, ikashinda 7-3. Asiyeiona mechi akisikia 7 atadhani ni tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kwa pointi 6, na pointi yake ya nyongeza. La hasha. Tachidauni haikuonekana siku hiyo. Washambuliaji walileta pointi 3 tu, mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo. Nne zilizobaki zililetwa na walinzi, waliomkandamiza mpinzani mpaka akaangushiwa ndani ya eneo lake mwenyewe, mara mbili, pointi 2 kila mara. Kwotabeki wetu, yaani mrushaji mpira, Spencer Petras, alirusha mipira 25. Iliyomfikia mwenzake ni 11.

Nilikuwa naitazama na jirani yangu, mzee mmoja wa Bukavu. Wakongomani tuko nao wengi huku, na yeye alikuja kunywa chai tu. Alikaa kimya robo mbili nzima, kisha akaweka kikombe chini. "Ndugu, hawa batu banacheza nini?" Nilikosa la kumjibu.

Kwa wasioufuata mchezo huu: timu inapewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine 4, na kadhalika mpaka ifike mwisho wa uwanja. Ikifika jaribio la nne na bado iko mbali, kwa kawaida anaitwa mtu wa kuupiga mpira kwa mguu uende mbali, mpinzani aanzie huko. Kwa lugha yetu ya uwanjani, anabutua. Kwetu kubutua ni aibu, ni kazi ya beki aliyepaniki. Iowa waliifanya falsafa. Fulana zikachapishwa kusema kwamba kubutua ndiko kushinda, na nyota wa timu akawa mbutuaji, Tory Taylor, kijana kutoka Melbourne, Australia. Msimu wa 2023 alibutua mara 93, jumla yadi 4,479, akavunja rekodi ya msimu mmoja iliyokuwa imesimama tangu 1938. Nampenda sana Taylor, mguu wake ni wa ajabu. Lakini fikiria timu inayokupa nafasi ya kubutua mara 93.

Sasa tuje kwa wenyewe. Kocha mkuu ni Kirk Ferentz, yupo hapo tangu 1999. Kocha wa mashambulizi kuanzia 2017 hadi 2023 alikuwa Brian Ferentz. Ndiyo, mwanawe wa kumzaa. Kwa kuwa sheria za kuajiri ndugu zinakataza baba kuwa bosi wa mwanawe, kwenye karatasi Brian aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo, Gary Barta. Kwenye karatasi. Asubuhi ikifika baba na mwana wanaingia jengo moja, wanakaa mkutano mmoja, wanapanga mechi moja.

Watu wengi hapa walimshukia Brian, na uwanjani wakamzomea kweli kweli. Mimi naona walimzomea mtu asiye sahihi, au tuseme walimzomea wa pili kabla ya wa kwanza.

Brian hakuwa mjinga wa mchezo. Mwezi Novemba 2017, mwaka wake wa kwanza kwenye kiti hicho, Iowa iliichapa Ohio State 55-24 hapa hapa Kinnick. T.J. Hockenson na Noah Fant walicheza chini yake, na mwaka 2019 wote wawili wakachaguliwa raundi ya kwanza kwenda kucheza kulipwa. Kwa hiyo kuna kitu alikuwa anakijua. Tatizo ni kwamba wenzake walibadilika, yeye akabaki na mbinu za baba: kimbiza mpira katikati, rusha kidogo, usipoteze, butua, waachie walinzi wamalize kazi. Ni kupaki basi kwa Kimarekani. Na kwa sababu kocha wa walinzi ni Phil Parker, ambaye kwa maoni yangu hana mpinzani nchini, basi lilikuwa halipiti mtu.

Hapo ndipo sumu ilipokuwa. Ushindi ulifunika kila kitu. Mwaka 2022 mashambulizi ya Iowa yalikuwa ya 130 kati ya timu 131, lakini timu ikamaliza na ushindi 8. Mechi ya mwisho waliifunga Kentucky 21-0, na kati ya pointi hizo 21, tachidauni mbili zilifungwa na walinzi baada ya kuiba mpira. Ukimuuliza Mzee Kirk, anakuonyesha ubao wa matokeo. Na ubao haudanganyi, ila hausemi nani amefanya kazi.

Ukitaka kujua kama wachezaji ndio walikuwa wabovu, mtazame Charlie Jones. Mwaka 2021 akiwa Iowa alidaka mipira 21 msimu mzima. Akahamia Purdue, ligi hiyo hiyo, mwaka uliofuata akadaka 110, yadi 1,361, tachidauni 12. Miguu ni ile ile, mikono ni ile ile. Mtu akinipikia wali mbichi nyumbani kwake, kisha mchele ule ule ukaiva kwa jirani, siwezi kuendelea kuulaumu mchele.

Basi ukafika Februari 2023, na hapa ndipo kichekesho chenyewe. Badala ya kumwondoa Brian au kumwacha afanye kazi yake, chuo kilimwandikia mkataba mpya. Mshahara ukashuka kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na ili mkataba uendelee, timu ilitakiwa kupata wastani wa pointi 25 kwa mechi pamoja na ushindi usiopungua 7. Na pointi za walinzi nazo zinahesabiwa! Yaani kocha wa mashambulizi anapimwa kwa kitu ambacho walinzi wakiiba mpira na kukimbia nao, yeye anapandishwa alama. Sijui nani alikaa mezani akaona hilo ni wazo la busara. Ukiwa na imani na mtu, huhitaji kumwekea namba hadharani. Ukiwa huna, namba haitakusaidia. Itamfedhehesha yeye na kuichekesha nchi nzima.

Na nchi ilicheka. Mechi ya kwanza ya 2023, Iowa 24, Utah State 14. Pointi moja pungufu ya 25. Kila Jumamosi baada ya hapo watu walikuwa wanapiga hesabu kama wakusanya kodi. Watangazaji wa televisheni za taifa, ambao kwa kawaida hawana habari na mahindi yetu, wakaanza kuitaja Iowa kila wiki kwa jambo hilo. Tuseme haki, bahati nayo ilimkimbia: kwotabeki aliyeletwa kuokoa jahazi, Cade McNamara kutoka Michigan, aliumia goti mwisho wa Septemba, na Deacon Hill aliyeshika nafasi yake hakuwa tayari. Lakini ndio kazi ya kocha hiyo, kuwa na wa pili aliye tayari.

Oktoba 21 Minnesota wakaja wakatufunga 12-10. Mwisho mwisho Cooper DeJean alirudisha mpira uliobutuliwa mpaka tachidauni, uwanja ukalipuka, kisha waamuzi wakaifuta kwa madai kwamba kabla ya kuuokota alipunga mkono vibaya, ishara inayosimamisha mchezo. Mtaani hasira zote zilikwenda kwa waamuzi. Mimi nilijiuliza kitu kingine: kwa nini timu inahitaji mlinzi wake arudishe mpira wa adui ndipo ishinde, nyumbani, dhidi ya Minnesota?

Tarehe 30 mwezi huo, mkurugenzi wa muda wa michezo, Beth Goetz, aliyekuwa ameshika nafasi ya Barta, akatangaza kwamba Brian hatarudi msimu ujao. Timu wakati huo ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 2. Nampa heshima mama yule, maana aliamua kile ambacho baba hakukiamua miaka yote. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mzee Kirk alikuwa na wakati wa kutosha wa kumwambia mwanawe, baina yao wawili, bila kamera: mwanangu, hapa tumekwama, nenda kajenge jina lako kwingine. Hakufanya hivyo. Matokeo yake mwana akaondolewa na mtu mwingine, katikati ya msimu, kwa tangazo lililosomwa na nchi nzima, na ikabidi aendelee kuja kazini mpaka Januari. Kama hayo ndiyo mapenzi ya baba, sijui.

Alivyomaliza ni huzuni tupu. Iowa ilishinda mechi 10, ikafika hadi fainali ya Big Ten, ligi yetu, ikafungwa 26-0 na Michigan. Halafu tarehe 1 Januari 2024 ikafungwa 35-0 na Tennessee. Mechi mbili za mwisho za Brian, pointi sifuri. Wastani wa msimu ukasimama kwenye 15.4, na kwa yadi timu ilikuwa ya mwisho kabisa, ya 133 kati ya 133.

Kisha akaajiriwa Tim Lester, mtu wa nje, asiye na undugu na yeyote. Kocha mkuu yule yule, uwanja ule ule. Msimu wa 2024 wastani ukapanda hadi pointi 27.7. Kaleb Johnson, ambaye mwaka uliotangulia alikimbia yadi 463, akakimbia 1,537 na kufunga tachidauni 21 kwa miguu. Kurusha mpira bado kulikuwa kwa kubahatisha, nisiwadanganye. Lakini kilichothibitika ni kwamba mlango ulikuwa wazi muda wote na Mzee alikuwa na ufunguo mfukoni. Ndiyo maana simlaumu Brian kama wengine. Nani kati yetu angeikataa kazi ya dola laki tisa akipewa na baba yake?

Msimu wa 2025 Iowa ikamchukua kwotabeki mpya, Mark Gronowski. Ametoka wapi? South Dakota State. Ndiye aliyekuwa upande wa pili siku ile ya 7-3. Jirani yangu alipomwona kwenye televisheni amevaa nyeusi na njano, akanyoosha kidole.

"Huyu si njo ule tulimupiga?"

Nikamwambia hapana, ndugu yangu. Sisi hatukumpiga. Walinzi ndio walimpiga, sisi tulikuwa tunabutua.