Mama anauliza mjukuu wake kawa wa ngapi

Juzi kati nimeongea na mama, yupo Tandika, na simu nzima alikua na jambo moja tu. Mjukuu kamaliza shule ya msingi, sasa kawa wa ngapi? Nikamwambia mama huku hawapangi, ripoti haina nafasi, hamna wa kwanza hamna wa mwisho. Akanyamaza, nasikia feni tu linazunguka na mtu anapita nje anauza mihogo, alafu akauliza, "Sa mnajuaje kama ana akili?"

Nilichomjibu ntasema baadae. Ila lile swali limenikaa, maana niko Rotterdam, Uholanzi, tangu 2012 na nikijichunguza vizuri naona swali langu ni hilohilo, ni vile tu naona aibu kuliuliza kwa sauti.

Msingi nimesoma Temeke, miaka ya tisini mwishoni, darasani tulikua 94. Siku ya kufunga shule tunapangwa mstarini, mwalimu anasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, yaani wote 94, jua la saa tano hilo, na kadiri jina lako linavyochelewa ndo unavyozidi kujijua. Kumi bora wanapewa daftari na makofi. Kuanzia themanini na kitu watu wanaanza kuguna guna, na wa mwisho akitajwa shule nzima inalipuka. Wa mwisho mwenyewe alikua ni yuleyule, tangu darasa la tatu. Mi nilikua napishana pishana kati ya wa pili na wa nne, kwaiyo nilikua nacheka na wenzangu, nisijifanye mtakatifu hapa.

Sasa darasa la sita yule kijana akapata nafasi ya 61. Sijui alisoma, sijui ilikuaje. Mwalimu hakumpongeza, alimuita mbele akamuuliza siku ya mtihani alikaa na nani. Akajieleza weee, mwisho wa siku akala fimbo za kuigilizia, na muhula uliofata akarudi kwenye nafasi yake kama kawa. Muhula huohuo mi nikaporomoka mpaka wa 19, na mwalimu yuleyule akaniita pembeni kwa upole kabisa, "ulikua unaumwa mwanangu?" Nikasema ndio. Nilikua siumwi wala nini, nilikua nashinda kwa jirani naangalia mikanda ya Kihindi.

Nimekuja kulielewa hilo jambo ukubwani. Kwetu akili unakua ushagawiwa mapema, darasa zima linajua nani kipanga nani kilaza, maki zinakuja baadae kama shahidi tu, na shahidi akisema tofauti basi shahidi ndo muongo. Alafu mambo yanaongezewa juu yake. Enzi zetu, kabla shule za kata hazijatapakaa, nafasi za sekondari za serikali zilikua za kuhesabu, mtoto anaweza akafaulu darasa la saba na bado akakosa pa kwenda, ila mtaani hukuti mtu anasema kakosa nafasi. Wanasema kafeli. Ukibahatika ukaingia fomu wani kila kitu kinageuka Kiingereza, yule aliyekua anaelezea mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili mpaka raha anabaki bubu, na ububu wenyewe nao unahesabiwa kwenye akili.

Basi nikaja Uholanzi kusoma masta. Huku maki ni kuanzia 1 mpaka 10, ukipata 5.5 umepita. Mtihani wa kwanza nikapata 6.5, nikaenda chooni nikalia, sitanii, mimi niliyekesha wiki nzima. Natoka nakutana na Mholanzi mmoja wa darasani kwetu kapata 5.6 anacheka mpaka jino la mwisho, ananiambia twende tukanywe. Nikadhani labda hajaangalia vizuri. Kumbe kwao ile 0.1 ya juu ya 5.5 ndo hasara, yaani alisoma zaidi ya inavyotakiwa! Wana neno lao kabisa la hiyo tabia, ukilileta kwa Kiswahili ni kama utamaduni wa visita, mtu anatafuta sita yake anaenda zake kazini, mpirani, kwa mpenzi wake. Na 10 yenyewe usiisubirie, kuna msemo wa kizamani kwamba kumi ni ya Mungu na tisa ni ya mwalimu, kwaiyo mwanafunzi pambana na kilichobaki.

Cha pili kilichonishangaza ni kwamba matokeo yakishatoka kuna siku inapangwa mnaenda kuangalia karatasi zenu zilivyosahihishwa. Unakaa na karatasi yako na majibu ya mwalimu, ukiona umeonewa unasema. Mi nilienda nikakaa nayo kama nimebeba yai. Pembeni kuna binti anabishana na profesa kuhusu nusu maki, anabishana kweli kweli, na profesa anamsikiliza, na alivyomshinda hoja akampa. Mimi karatasi yangu ya fomu foo niliikabidhi kwa msimamizi mwaka 2004 na sijawahi kuiona tena mpaka leo, nilichokiona ni herufi zimebandikwa ukutani.

Alafu kuna hii nyingine ndo kiboko. Mitihani ya mwisho ya sekondari huku inafanyika Mei, na wanafunzi wana chama chao cha taifa kinaitwa LAKS, kipo tangu 1984, kinafungua laini ya malalamiko kipindi chote cha mitihani. Mtoto wa miaka 16 katoka kwenye pepa la hesabu anaandika, swali la tano halieleweki, muda hautoshi, nje kulikua na mtu anakata majani kwa mashine. Malalamiko yanavuka laki moja kwa msimu. Mara ya kwanza kusikia nilicheka nikasema hawa watoto wamedeka, wangekutana na pepa la Hesabu la NECTA, Baraza la Mitihani la kwetu, wangeita polisi. Ila wanaopanga maki wanapima pepa lilikua gumu kiasi gani, na kama lilikaza kuna namba wanaichezea kwenye mahesabu wote wanapandishwa. Kila mwaka wanafanya, kimya kimya, wala sio habari. Wao wanaanza na wazo kwamba pepa nalo linaweza likakosea.

Na hapa ndo nataka nimuongelee mdogo wangu, maana hilo la pepa kukosea mi siwezi kulipita hivihivi. Yeye ni wa ile fomu foo ya 2012. Wanaoijua wanaijua. Matokeo yakatoka Februari 2013, watahiniwa karibu asilimia 60 wana divisheni ziro, yaani wamefeli, na yeye humo. Nilikua huku na mimba ya huyu mwanangu, napigiwa simu usiku mama analia kama kuna msiba, watu wanakuja kutoa pole kabisa, wanakaa kwenye mkeka. Baba mdogo akasema huyu shule haimo kichwani, Jumatatu yake akampeleka gereji Keko akaanze kushika spana. Dogo akaacha kupokea simu zangu. Majirani waliokua wanamuita "profesa" kwa sababu ya miwani yake wakaendelea kumuita hivohivo, ila sasa kwa sauti nyingine.

Mwezi wa tano serikali ikayafuta yale matokeo, shida mojawapo iliyotajwa ilikua ni utaratibu wa kupanga madaraja ulivyobadilishwa, yakapangwa upya, dogo akaamka ana four. Karatasi ileile, mwandiko uleule, hajaongeza hata nukta. Februari ziro, Mei four. Nikapiga nyumbani nikauliza, sasa ile miezi mitatu alikua mjinga kwa mujibu wa nani? Mama akasema tushukuru Mungu. Baba mdogo hakusema kitu, mpaka leo hajasema, na dogo alivyomaliza VETA mambo ya friji na viyoyozi baba mdogo ndo alikua wa kwanza kumuita amtengenezee friji bure.

Ila sasa msije mkadhani nimeshalewa ya huku. Kuna kitu Waholanzi wanafanya mimi siwaelewi na sidhani kama ntawaelewa. Mtoto wa miaka 12 wanamgawa. Akiwa darasa la mwisho la msingi mwalimu anatoa ushauri huyu aende njia gani, kuna vmbo miaka minne, ya ufundi na vitendo, kuna havo miaka mitano, kuna vwo miaka sita, hiyo ndo njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu. Karibu nusu ya watoto wanaenda vmbo. Mtu anaweza kupanda baadae, wapo wanaopanda, ila ni safari ndefu. Sasa we niambie, mtu akishaambiwa ana miaka 12 kwamba njia yako ni hii, atakosaje kuridhika na sita? Ile raha yao ya kutojali maki nadhani nusu yake inatoka hapo, mashindano yalishaisha wakiwa bado wanaangalia katuni. Sisi pamoja na fujo zetu zote, mtoto wa shule ya kata Mbagala na mtoto wa shule ya ada za mamilioni Masaki wanakaa chini siku moja kufanya pepa moja la fomu foo. Kujiandaa hawajajiandaa sawa, najua, ila hakuna aliyemwambia wa Mbagala tangu ana miaka 12 kwamba lile pepa sio lako.

Kwa mwanangu ilikua hivi. Januari mwaka huu tukaitwa mimi na mume wangu, mwalimu dada mmoja mchangamfu tu, akatuambia anamuona kati ya vmbo ya juu na havo. Nikauliza kwa nini. Akasema ni mtoto mzuri, mtulivu, ila lugha yake bado kidogo na hajiamini sana. Mtulivu! Nyumbani hatulali kwa makelele yake. Nikamkumbuka yule wa 61, nikakumbuka pia "ulikua unaumwa mwanangu", nikaona kumbe na huku akili inagawiwa kwanza, tofauti wanakugawia kwa faragha na unapewa kahawa na biskuti moja. Moja, kopo likafungwa.

Nikaropoka, "Wenzake wamepata nini?" Yule mwalimu akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. Mume wangu akanikanyaga mguu.

Nashukuru kuna mtihani Februari, na sheria yao ya sasa ni kwamba mtihani ukitoa matokeo ya juu kuliko ushauri wa mwalimu basi shule inatakiwa ipandishe, ukitoa ya chini hawashushi. Hiyo nimeipenda sana, mtihani una ruhusa ya kukutetea tu. Nikamsimamia mwezi mzima, tuisheni ya mama, kila siku baada ya kula, mtoto akilia tunapumzika alafu tunaendelea. Mume wangu akaniambia unamfanyia mtoto kilekile ulichokikimbia. Nikamwambia nisichokipenda mimi ni kusomwa majina mstarini, msuli sijawahi kuukataa. Matokeo yakaja havo na vwo, ushauri ukapanda mpaka havo. Mtoto aliuliza kama rafiki yake nae anaenda shule hiyohiyo, akajibiwa ndio, akaenda kucheza mpira.

Nyumbani pia vitu vinasogea, tusiseme vimeganda. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na mi nikasema afadhali. Ila nilivyokuja Dar Desemba, kutoka Mwenge mpaka Tegeta mabango ya shule yamejaa sura za watoto na "one ya saba", yaani matokeo ya juu kabisa, zimeandikwa kubwa kuliko jina la shule. Baraza limenyamaza, biashara inapiga kelele. Hamna bango hata moja lenye sura ya mtoto aliyetoka four akaja two, na mimi huyo ndo ningempeleka mwanangu kwa mwalimu wake.

Mwezi wa sita binti wa jirani yetu akamaliza sekondari. Huku ukifaulu mnatundika bendera ya nchi nje ya nyumba na begi lako la shule mnalining'iniza kwenye mlingoti, mtaa mzima unajua. Nikapiga picha nikamtumia mama kwa WhatsApp. Akanirudishia sauti, "Mashallah, hongera zake. Kapata divisheni ngapi?" Nikamuuliza yule binti umepata ngapi ngapi, akafikiria kwanza, akasema sita nyingi, na hesabu tano na kitu, hakumbuki vizuri. Na bendera juu inapepea.

Sasa siku ile mama aliponiuliza tunajuaje kama mtoto ana akili, nikaanza kumuelezea, mama huku kuna njia tatu, mwalimu anatoa ushauri, alafu mtihani, alafu. Nikasikia anahema. Nikaona nimechoka. Nikamwambia kawa wa tatu. Wa kwanza asingeniamini.

Akapiga kigelegele hukohuko Tandika mpaka simu ikakwaruza, alafu akatulia akauliza, "wa tatu kati ya wangapi?"

Nikamwambia ishirini na sita.

"Ishirini na sita tu?"