Mguu Ulionyamazisha Fidla za Wazee

Kwa kuwa mwenzangu aliyenisindikiza Jumamosi amekwisha kuisambaza video ile katika makundi yote ya Waswahili wa Lexington, mji wa jimbo la Kentucky huku Marekani, akaiwekea maelezo kwamba nimempiga teke mzee wa watu katikati ya wimbo, naona ni haki yangu kueleza yaliyotokea kabla habari hazijafika Tanga zikiwa zimetiwa chumvi zaidi.

Ninyi mnaonifuata mnajua nilivyoingia katika wazimu huu wa fidla za milima ya Appalachia. Wengine mlinionya. Nami nikawajibu kwa kiburi kwamba mtu aliyelelewa na taarab hawezi kushindwa na fidla ya mkulima wa Kentucky, nikanunua chombo cha mtumba, nikaanza kuwaudhi majirani. Nyimbo hizi kwa kawaida hazisomwi katika karatasi. Husikilizwa na kuigwa. Kwa hiyo nikajifungia na rekodi za zamani, zikiwamo zile alizozikusanya Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji wa Marekani, mwaka 1937 katika milima ya mashariki mwa Kentucky kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Rekodi hizo ni hazina, lakini zina upungufu mmoja ulioniponza: masikio huisikia fidla, ila macho hayauoni mguu wa mpigaji. Isitoshe, santuri za enzi zile zilikuwa fupi, kila wimbo ukikatika baada ya dakika chache, nami sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeukata.

Basi tukaenda Berea, mji mdogo ulio kusini mwa Lexington, ambako wazee hukutana kupiga muziki huo. Hukaa kwa duara: fidla kadhaa, banjo, gitaa, na besi kubwa ya kusimama. Hapana anayejitokeza kuonyesha ufundi wake peke yake, kama wafanyavyo watu wa bluegrass, aina nyingine ya muziki wa huko. Fidla zote huufuata wimbo uleule kwa pamoja, sehemu ya kwanza mara mbili, sehemu ya pili mara mbili, kisha hurudi mwanzo, na kurudi tena. Mgeni hupewa heshima ya kuchagua. Mimi nilichagua "Angeline the Baker", kwa sababu ndio wimbo pekee ninaoweza kuupiga bila wasikilizaji kuulizana kama nimeumia.

"Anza wewe, nasi tutakufuata," akaniambia mzee mmoja mwenye fidla aliyeketi mkabala nami. Laiti ningalimwuliza watanifuata mpaka wapi.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, na nakiri kuwa moyo ulinivimba. Wa pili vilevile. Baada ya hapo nikaanza kumtazama mzee, nikingoja aufunge wimbo, kwani mimi nimefunzwa tangu utotoni kwamba mdogo hanyanyuki mkekani kabla ya wakubwa kumaliza kula, sembuse kuwakatiza wimbo wao wenyewe ndani ya mji wao. Sikujua kwamba kwa desturi yao aliyeuanzisha wimbo ndiye mwenye mamlaka ya kuufunga, naye hutoa ishara kwa kuinua mguu mzunguko wa mwisho unapokaribia kwisha. Kwa hiyo mimi nilikuwa nautazama uso wa mzee, mzee alikuwa anautazama mguu wangu, na kila mmoja alikuwa anampa mwenzake tabasamu la subira.

Tukaendelea. Nikapunguza mwendo nikidhani utakufa wenyewe. Duara zima likapunguza mwendo kwa utii wa ajabu. Nikauharakisha ili wachoke. Wakaharakisha kwa furaha, na mpiga besi akapiga yowe la kunitia moyo. Nikathubutu kuuinua upinde na kuacha kabisa, lakini bibi mwenye banjo aliyeketi kushotoni kwangu akadhani nimepotea njia. Akaniegemea kwa huruma, akaninong'onezea kwamba sasa tupo sehemu ya pili, nami kwa aibu nikaingia tena. Mpiga gitaa mmoja aliondoka, akaenda kununua kahawa, akarudi, akaionja, akaona ni ya moto, akaiweka chini, akachukua gitaa lake na kuendelea pale tulipokuwa, yaani palepale alipotuacha. Unga mweupe wa ulimbo unaopakwa kwenye upinde ulikuwa umenitapakaa kwenye suruali nyeusi. Ncha za vidole zilikuwa zimechimbwa mifereji na nyuzi. Mwenzangu, badala ya kuniokoa, alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, akirekodi. (Kaka, najua unasoma haya. Tutaonana.)

Hapo ndipo msuli wa paja la kulia ulipokaza. Wenye uzoefu wa mkakamao wanajua kuwa mguu huo hauombi ruhusa. Ulinyooka mbele yangu wenyewe, ukapanda mpaka usawa wa kiti, kiatu kikielekea moja kwa moja kwenye goti la mzee bila kuligusa, narudia, bila kuligusa, ukabaki hewani ukitetemeka, huku nikiendelea kupiga kwa meno yaliyoumana. Nikaona macho ya mzee yakiangaza. Akawatikisia wenzake kichwa. Bibi wa banjo akashusha pumzi ya mtu aliyefunguliwa pingu. Wote wakaifikia noti ya mwisho kwa pamoja, wakakata, kimya kikatanda. Ni mimi tu niliyeingia tena sehemu ya kwanza, kwa nguvu zote, peke yangu, mguu ungali juu, kama mtu aitikiaye "Amina" baada ya watu kutoka msikitini.

Wakapiga makofi. Nikaushusha mguu, nao ukaisukuma ile kahawa ya mpiga gitaa ikamwagika, na video ikaishia hapo, jambo lililoipa nguvu hadithi ya teke. Mengine ni machache: bibi alinieleza ishara ya mguu huku akifuta machozi ya kicheko, mzee alinishika mkono na kusema hajapata kuona mguu ulioinuliwa kwa msisitizo wa namna ile, nami nikalipia kahawa nyingine. Mama amekwisha kunipigia simu.

Nimealikwa tena. Safari hii watapiga nyimbo za ufunguo wa A, yaani zinazojengwa juu ya noti ya A, kwa hiyo natakiwa kuzikaza nyuzi zangu mbili nene, ya G iwe A na ya D iwe E, na nimeshauriwa nije na nyuzi za akiba. Bibi amenitumia ujumbe kwamba wamenitengea kiti kizuri ambacho mbele yake hakuketi mtu.