Kabla ya kumhukumu Lucien, tumtazame David

Kila inapojadiliwa Illusions perdues, riwaya ya Mfaransa Balzac, hukumu hutoka mapema: tamaa mbele, mauti nyuma. Lucien, kijana mshairi wa Angoulême, anakwenda Paris kutafuta jina, anageuka mwandishi wa magazeti mwenye kalamu ya kununuliwa, na mwisho anaghushi saini ya shemeji yake David kwenye hati tatu za deni, faranga 1,000 kila moja.

Wanaomlaumu wana ushahidi mzito. Mwandishi d'Arthez na wenzake huko Paris, maskini kama yeye, walimchangia faranga 200, na d'Arthez akamsahihishia riwaya yake. Akawatupa. Alipoamriwa akiponde kitabu cha d'Arthez gazetini, alikisoma akalia, kisha akaandika. Makala hiyo akampelekea d'Arthez, naye akaiandika upya kwa mkono wake.

Lakini kitabu kilitoka kwa sehemu tatu, kati ya 1837 na 1843, na ya tatu ni ya David. Kama kilichomponza Lucien ni papara, David kaponzwa na nini? Mchana yumo kwenye matbaa yake, usiku anachemsha mimea akitafuta njia ya kutengeneza karatasi nafuu. Starehe haijui. Baba yake mzazi, asiyejua hata kusoma, ndiye aliyemuuzia mitambo chakavu kwa bei ya kunyonya, na washindani wake, ndugu Cointet, wanangoja ajikwae. Mvumilivu hula mbivu, twasema. David hakuionja.

Zile faranga 3,000 ndizo haziniachi. Balzac anasimamisha hadithi nzima atuonyeshe deni linavyonenepa: hati imerudi bila kulipwa, basi kuna kamisheni ya benki, ya dalali, stempu, posta, kila ada na sentimu zake, halafu waje mawakili na gharama za kesi. Msomaji mwenye haraka huruka kurasa hizo. Balzac aliziandika akiwa anazijua, maana kiwanda chake cha uchapaji kilimfilisi mwaka 1828. Kosa lilikuwa la Lucien, ila lililomzamisha David ni hizo ada, zote halali.

Na Lucien alighushi lini? Coralie, mpenzi wake, yuko kitandani mgonjwa, na hakuna tena wa kuwakopesha. Alipokufa, Lucien alikesha kando ya maiti, kwa mwanga wa mishumaa, akitunga nyimbo kumi za walevi, apate faranga 200 za mazishi. Anayemwita mpenda anasa tu, aurudie ukurasa wa mishumaa ile.

Baadaye alimtumia David faranga 15,000. Zilifika muda mfupi tu baada ya David kutia saini ya kuwaachia ndugu Cointet uvumbuzi wake. Cointet mkubwa akawa milionea. David akahamia shamba la mizabibu la Marsac na mkewe Ève, dada yake Lucien, akawa anachunguza wadudu.