Bure ya foleni na bure ya kupita

Mara ya kwanza kuingia Lambeth Country Show, maonyesho ya mambo ya shamba ya halmashauri ya Lambeth, London, sikuwa nimepanga. Natoka sokoni Brixton, mfuko wa ndizi mbichi mkononi, nasikia kondoo. Kondoo, London! Nikafuata sauti hadi ndani ya Brockwell Park.

Jukwaani jamaa alikuwa amemkalisha kondoo kitako kama mtoto anayenyolewa. Mashine ikapita tumboni, ikazunguka mgongoni, sufu ikatoka yote kwa pamoja kama koti. Watoto wa maghorofani walikodoa macho. Mmoja akamuuliza mama yake kama kondoo atasikia baridi usiku. Mama hakuwa na jibu.

Sisi tuliokulia Morogoro tuna Nane Nane yetu, lakini ile ni ya mkulima: mbegu, trekta, ng'ombe wa maziwa. Hii imeletewa watu wasio na hata pa kuanika nguo. Ilianza 1974; ni siku mbili, bila kiingilio, na moshi wa kuku wa Kijamaika unachanganyika na harufu ya mavi ya farasi. Kuna hema la mashindano ya sanamu za mboga, ambako majina ya watu mashuhuri hupindwa mpaka yawe majina ya mboga. Upuuzi mtupu, nami huwa napanga foleni kuuona.

Foleni hiyo siilalamikii. Ninayoilalamikia ni ya langoni. Tangu 2018 maonyesho huzungushiwa uzio na mifuko hupekuliwa. Wanasema ni usalama, na sibishi kwamba usalama unahitajika. Tena bustani hiyohiyo hukodishwa kwa matamasha ya muziki ya kulipia, jambo lililozusha ugomvi uliofika Mahakama Kuu Mei 2025. Halmashauri inasema mapato ya matamasha hayo husaidia kuyafanya maonyesho yabaki bure.

Sawa, ila bure ya kupanga foleni na kufunguliwa mkoba si bure ya kupita njia ukachungulia dakika kumi. Ya kwanza inamtaka mtu aliyekusudia kwenda. Mimi ningeridhika na maonyesho madogo zaidi, kondoo watatu na hema la mboga, mradi uzio uondoke.

Kondoo bado wanasikika kutoka barabarani. Lango ndilo liko upande wa pili wa bustani, na ndizi ni nzito.